Safari ya Manga za BL: Kutoka Oizumi hadi Kyoto

Manga za BL ni hadithi za picha za Kijapani zinazosimulia mapenzi baina ya wanaume, na kwa sehemu kubwa huchorwa na wanawake na kusomwa na wanawake. Jina la BL, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mapenzi ya wavulana, lilienea miongoni mwa wachapishaji wa Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utanzu wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake, kwani chimbuko lake ni mwaka 1970. Tangu hapo umejipatia majarida, wachapishaji, maduka, maonyesho na maktaba zake.

Wasomaji wa nje ya Japani huzipata manga hizi kwa tafsiri, moja leo na nyingine kesho, bila kujua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Tokyo ndiko mpangilio huo unakoonekana wazi, kwa sababu karibu kila hatua ya historia ya utanzu huu ina kitongoji chake, na vitongoji hivyo vyote vinafikika kwa treni za mjini. Mwandishi wa makala haya aliipita njia hiyo akiwa msomaji na mkusanyaji. Inaelezwa hapa kwa mfuatano wa historia: Oizumi, kumbi za soko la Comiket, Ikebukuro, Nakano, Ochanomizu, na mwishoni Kyoto.

Oizumi

Treni ya kampuni ya Seibu inayotoka Ikebukuro humfikisha msafiri stesheni ya Oizumi-gakuen, wilaya ya Nerima, kwa muda usiofika nusu saa. Hapa ni kaskazini-magharibi mwa Tokyo, mahali pa nyumba za familia, baiskeli nyingi na mashamba madogo ya kabichi yaliyobaki katikati ya makazi. Nje ya stesheni zimesimamishwa sanamu za wahusika maarufu wa katuni, miongoni mwao Astro Boy na Lum, kwa kuwa Nerima ndiyo makao ya studio ya Toei iliyoanza kutengeneza filamu za katuni katika miaka ya 1950. Historia ya BL haina sanamu mahali hapa, ingawa ilianzia humu humu.

Mwaka 1970 wachoraji wawili chipukizi, Keiko Takemiya wa Tokushima na Moto Hagio wa Omuta, walipanga pamoja nyumba ya kawaida huko Oizumi. Jirani yao alikuwa Norie Masuyama. Masuyama hakuwa mchoraji, lakini alikuwa msomaji mwenye msimamo mkali aliyeamini kwamba manga za wasichana zinaweza kufikia hadhi ya riwaya. Ndiye aliyewasukumia riwaya za Hermann Hesse na filamu za Ulaya zilizohusu wavulana wa shule za bweni. Wachoraji wengine wa kike wa rika lao wakawa wanakuja kulala, kusaidiana kazi na kubishana hadi usiku wa manane. Kwa kuwa wengi wao walizaliwa karibu na mwaka 1949, ambao kwa kalenda ya kifalme ya Japani ni mwaka wa 24 wa Showa, wahakiki waliwaita Kundi la Mwaka wa 24. Nyumba ile ikaja kujulikana kama Saluni ya Oizumi. Ilivunjika mwaka 1973, wenyewe wakatawanyika.

Hoja yao ilihusu nafasi ya msichana katika hadithi. Majarida ya wasichana ya wakati ule yalihaririwa zaidi na wanaume, na shujaa wa kike alitakiwa kuwa mwema, mvumilivu na mwenye kusubiri kuchaguliwa. Mchoraji alipomweka mvulana katika nafasi hiyo, alipata uhuru wa kuchora tamaa, wivu, ukatili na majuto bila msomaji wa kike kuhisi kwamba ni yeye anayehukumiwa. Shule ya bweni ya Ulaya ilikuwa pazia la pili, kwani iliihamishia hadithi mbali na nyumba za wasomaji wenyewe. Wazo hilo lilikuwa na mtangulizi katika fasihi. Mari Mori, binti wa mwandishi mashuhuri Ogai Mori, alikuwa amechapisha riwaya ya mapenzi ya wanaume mwaka 1961.

Desemba 1970 Takemiya alichapisha hadithi fupi inayotajwa kuwa ya kwanza katika manga za wasichana kuonyesha wavulana wakibusiana. Hagio alifuata mwaka 1974 na Moyo wa Thomas, inayofunguliwa na kifo cha mwanafunzi katika shule ya bweni ya Ujerumani na barua ya mapenzi aliyoiacha. Kazi kubwa kuliko zote ni Wimbo wa Upepo na Miti, ambayo Takemiya alikuwa nayo kichwani kwa miaka kadhaa huku wahariri wakiikataa. Ilianza kutoka mwaka 1976 na kuendelea hadi 1984. Inahusu wanafunzi wawili wa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, na inazungumza waziwazi juu ya udhalilishaji wa watoto na ubaguzi wa rangi, mambo ambayo jarida la wasichana halikuwa na desturi ya kuyagusa. Takemiya alitunukiwa tuzo ya manga ya Shogakukan ya mwaka 1979.

Wakazi wawili wa nyumba ile wameandika kumbukumbu zao wakiwa watu wazima, Takemiya mwaka 2016 na Hagio mwaka 2021. Vitabu hivyo havisomeki kama simulizi moja. Takemiya anakiri wivu aliokuwa nao juu ya kipaji cha mwenzake. Hagio anaeleza jinsi urafiki ulivyokatika, na kwamba hapendi mambo ya Oizumi yaendelee kufukuliwa. Mkusanyaji makini huviweka vyote viwili kwenye rafu moja.

Comiket

Desemba 21, 1975, ukumbi mmoja wa Toranomon, katikati ya Tokyo, ulipokea soko la vijarida vilivyochapishwa na mashabiki wenyewe. Vikundi 32 vilipanga meza na watu wapatao 700 walihudhuria, wengi wao wakiwa wasichana wa shule wapenzi wa Hagio na Takemiya. Soko hilo ni Comiket, ambalo leo hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, katika kumbi za Tokyo Big Sight kando ya ghuba. Kabla ya janga la korona lilikuwa likivuta zaidi ya watu 500,000 kwa siku tatu.

Vijarida hivyo huitwa dojinshi. Kundi la marafiki, au mtu mmoja peke yake, huchora, hupeleka kiwandani nakala chache, hulipa mwenyewe na huuza mwenyewe. Vingine ni hadithi mpya kabisa. Vingi huchukua wahusika wa manga inayojulikana na kuwatungia mapenzi ambayo mwandishi wa awali hakuyatia. Katikati ya miaka ya 1980 manga ya soka ya Captain Tsubasa, iliyokuwa ikitoka katika jarida la wavulana, ilizaa wimbi kubwa la dojinshi za aina hii. Wasichana walisoma urafiki wa wachezaji na kuuona kama mapenzi yasiyosemwa. Kisheria hakimiliki ni ya mwandishi wa awali. Kwa desturi wachapishaji wa Japani hufumba macho ilimradi nakala ni chache na faida ni ndogo, na wachoraji wengi wa kulipwa wamepitia njia hiyo. Fumi Yoshinaga ni mmoja wao. Alianza na dojinshi, akaandika BL, na mwaka 2009 akapata Tuzo ya Kitamaduni ya Osamu Tezuka kwa manga ya kihistoria ya Ooku.

Uuzaji wa Comiket una adabu zake, na mgeni huzisoma kwa kutazama wengine. Kila kikundi hupewa nusu ya meza, yaani sentimita 90 kwa 45. Juu yake hutandikwa kitambaa, hupangwa marundo mawili matatu ya vijarida, huwekwa kibao cha bei na kisanduku cha chenji. Muuzaji ndiye mchoraji, na mara nyingi hakai zaidi ya hatua moja kutoka kwa mnunuzi. Mnunuzi husimama mbele, huomba ruhusa ya kutazama, hufungua nakala ya maonyesho kwa mikono miwili, hupitisha kurasa chache, kisha hutaja idadi anayotaka au hushukuru na kuondoka. Kuinua noti ya yeni 10,000 kwa kijarida cha yeni 500 ni kumtia muuzaji taabuni. Wazoefu huja na mfuko wa sarafu za yeni 100 na 500, na mwandishi wa makala haya aliona foleni nzima ikisogea bila neno kwa sababu kila mtu alikuwa ameshika kiasi kamili mkononi. Waandaaji huchukua nakala moja ya kila chapisho jipya kuwa kumbukumbu. Nakala za namna hiyo zitakutwa tena Ochanomizu.

Upande wa biashara ulianza mwaka 1978, kampuni ya San Shuppan ilipotoa jarida lililokuja kuitwa June chini ya mhariri Toshihiko Sagawa. Takemiya alichora majalada ya mwanzo. Jarida hilo lilisimama mwaka 1979, likarudi mwaka 1981 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Umuhimu wake haukuwa mauzo tu. Takemiya alifundisha uchoraji katika kurasa zake kwa kukosoa kazi zilizotumwa na wasomaji, na mwandishi Azusa Nakajima alifanya vivyo hivyo kwa hadithi za maneno. Msomaji wa toleo hili angeweza kuwa mwandishi wa toleo lijalo. Miaka ya 1990 wachapishaji wengine waliingia, jarida la Be×Boy likaanza mwaka 1993, na hadithi zikahama kutoka shule za Ulaya kwenda ofisi, mabweni na mitaa ya Japani yenyewe.

Ikebukuro

Ikebukuro ndicho kitongoji cha ununuzi. Kampuni ya Animate ilifungua duka lake la kwanza hapa mwaka 1983, na maduka mengine yakalifuata upande wa mashariki wa stesheni. Barabara iliyo mkabala na ubavu wa magharibi wa Sunshine City, kundi la majengo lenye mnara wa ghorofa 60 lililosimama palipokuwa na gereza la Sugamo, ilipewa jina la Otome Road, yaani Barabara ya Wasichana, na jarida moja la manga mwaka 2004. Akihabara, upande wa pili wa jiji, hujulikana zaidi kwa wateja wa kiume. Otome Road ilijengwa na mkoba wa mwanamke mwenye kazi yake na mshahara wake.

Barabara yenyewe ni fupi na mgeni anaweza kuimaliza bila kujua ameipita. Maduka ya K-Books na Lashinbang yana milango isiyo na makeke, na duka la Mandarake liko chini ya ardhi. Karibu yake upo mkahawa wa Swallowtail, uliofunguliwa mwaka 2006, ambamo wahudumu wa kiume waliovaa kama watumishi wa jumba la kitajiri humpokea kila mteja kama binti wa nyumba. Kiti hupatikana kwa kuhifadhi nafasi mapema.

Animate huuza vitabu vipya. Duka lake kuu lilipanuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2023, nalo linajaza ghorofa kadhaa. Vitabu vya BL vina sehemu yao, navyo hufungwa kwa nailoni inayobana ili visisomwe dukani. Kitabu cha kawaida kina ukubwa wa B6, yaani milimita 128 kwa 182, na bei yake huwa kati ya yeni 700 na 900. Wauzaji hushindana kwa zawadi, kwani kitabu kile kile hutolewa na karatasi ya kurasa chache ya ziada kinaponunuliwa duka hili, na kadi ya picha tofauti kinaponunuliwa lile. Ziada hizo hutolewa kwa muda mfupi tu, kwa hiyo mashabiki wakubwa hununua nakala mbili au tatu za kitabu kimoja, na mitumba ya siku zijazo huanzia hapo.

K-Books huuza dojinshi zilizokwisha kusomwa, na mpangilio wake humchanganya mgeni. Vijarida ni vyembamba na vina ukubwa wa B5 au A5, na migongo yao haionyeshi jina. Vimegawanywa kwa kazi ya awali, kisha kwa jozi ya wapenzi, na jozi huandikwa kwa majina mawili yenye alama ya × katikati. Jina linalotangulia ni la seme, anayeanzisha mapenzi, na linalofuata ni la uke, anayepokea. Kubadilisha mfuatano huo ni kubadilisha rafu, na wapo wasomaji ambao hawagusi kabisa rafu yenye mfuatano wa kinyume. Asiyelijua hili hutafuta saa nzima mahali pasipo na kitu chake.

Vitabu vya watu wazima viko katika sehemu iliyotengwa. Jimbo la Tokyo lina kanuni ya ulinzi wa vijana, iliyorekebishwa Desemba 2010, inayoipa serikali ya jimbo uwezo wa kutangaza kitabu kuwa hakiwafai walio chini ya miaka 18. Kitabu kilichotangazwa hufungwa na kuwekwa mbali na vingine, na maduka mengi hukiondoa kabisa. Miaka ya karibuni sehemu kubwa ya vitabu vinavyotangazwa ni vya BL. Msafiri anayerudi Dar es Salaam au Mombasa akumbuke pia kwamba sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kuingiza machapisho ya ngono. Hadithi zisizo na picha za namna hiyo ni nyingi, na ndizo zinazofaa kuwekwa katika mzigo.

Nakano

Kitabu kilichokwisha madukani hutafutwa Nakano, dakika chache magharibi mwa Shinjuku kwa treni ya Chuo. Kutoka stesheni, njia ya maduka iliyoezekwa humwongoza mtu moja kwa moja hadi Nakano Broadway, jengo la mwaka 1966 lenye maduka chini na makazi juu. Mwaka 1980 mchoraji Masuzo Furukawa alifungua humo kiduka cha manga kuukuu alichokiita Mandarake. Kiduka hicho kimezaa vyumba vingi vilivyotapakaa katika ghorofa za jengo, kimoja cha vinyago, kingine cha michoro, kingine cha dojinshi.

Ununuzi wa Nakano ni wa subira. Kitabu cha thamani huwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye kibandiko cha bei na maelezo ya hali yake, kama vile jalada limefifia, kurasa zimepata manjano, au kuna jina la mmiliki wa zamani. Mkusanyaji hutazama mambo matatu. La kwanza ni obi, ukanda wa karatasi unaozunguka sehemu ya chini ya jalada. Wasomaji wengi huutupa, kwa hiyo kitabu kilichobaki nao hupanda bei. La pili ni jalada la juu linalovuliwa, ambalo nyuma yake au chini yake wachoraji wa BL hupenda kuficha kurasa ndogo za mzaha. La tatu ni ukurasa wa mwisho, wenye tarehe ya kuchapwa na namba ya chapa. Chapa ya kwanza ya mwaka 1977 na chapa ya kumi ya mwaka 1985 zinaweza kuwa na jalada moja lisilotofautiana hata kidogo, na ukurasa huo tu ndio unaosema kweli.

Jina la mchapishaji nalo lina hadithi yake. Biblos, iliyokuwa ikitoa Be×Boy, ilifilisika Aprili 2006, wakati ilipokuwa miongoni mwa wakubwa wa BL. Majarida na waandishi wengi walichukuliwa na kampuni mpya ya Libre. Ndiyo maana hadithi ile ile hupatikana Nakano ikiwa na nembo mbili tofauti, na mara nyingine juzuu za mwanzo ni za Biblos na za mwisho ni za Libre. Anayetaka kusoma atachukua yoyote, na anayekusanya atatafuta mfululizo wa nembo moja.

Asiyejua Kijapani anaweza kununua kwa ajili ya picha na kusoma kwa tafsiri. Mwaka 2011 kampuni ya Viz Media ya Marekani ilishirikiana na Animate kuanzisha SuBLime, inayotoa BL kwa Kiingereza, na Moyo wa Thomas umetolewa kwa Kiingereza na Fantagraphics. Tafsiri za sasa huacha mpangilio wa Kijapani ulivyo: kitabu hufunguliwa upande ambao msomaji wa Kiswahili angeuita nyuma, na visanduku husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini.

Ochanomizu

Treni ile ile ya Chuo, ikielekea mashariki, hufika Ochanomizu, mtaa wa vyuo na maduka ya magitaa ulio juu ya Jimbocho, kitongoji cha vitabu vya mitumba. Hapa Chuo Kikuu cha Meiji kilifungua mwaka 2009 Maktaba ya Kumbukumbu ya Yoshihiro Yonezawa. Yonezawa, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Comiket na aliiongoza kwa miaka mingi. Alikuwa haachi kitu kipite: alikusanya manga, majarida ya bei rahisi, machapisho ya mashabiki, na takataka za karatasi ambazo maktaba za kawaida hazikuzitaka. Mkusanyiko wake, unaozidi vipande 100,000, ndio msingi wa maktaba hiyo.

Ghorofa ya chini ina maonyesho ya bure. Kusoma hufanyika ghorofa ya pili kwa uanachama wa kulipia, ambao unaweza kuwa wa siku moja. Vitabu vingi haviko wazi kwenye rafu. Msomaji huagiza, mhudumu huenda ghalani na kurudi navyo. Mwandishi wa makala haya aliagiza matoleo ya mwanzo ya June. Karatasi yake ni nyepesi na imekuwa ya kahawia kingoni, lakini rangi ya majalada ya Takemiya bado imeshika. Kilichovutia zaidi ni kurasa za barua, ambamo wasomaji wa mikoani wanatafutana, wanabadilishana anwani na kutangaza vijarida vyao. Barua hizo zinaonyesha jinsi utanzu ulivyosambaa kabla ya simu za mkononi, kutoka posta moja hadi nyingine.

Humu pia ndimo zinamohifadhiwa baadhi ya nakala za kumbukumbu za Comiket. Dojinshi iliyochapwa kwa nakala hamsini kwa kawaida haipelekwi dukani wala haina namba ya kitabu, na mchoraji wake anaweza kuolewa, kuhama na kuzitupa zote. Nakala iliyochukuliwa mezani siku ya mauzo huenda ikawa ndiyo pekee iliyobaki. Kwa miongo mitatu kazi hiyo ya kuhifadhi ilifanywa na mashabiki wasiolipwa. Chuo kikuu kilikuja kusaidia baadaye.

Maktaba za umma hazikuwa na moyo huo kila mahali. Mwaka 2008 maktaba za mji wa Sakai, jirani na Osaka, ziliondoa katika rafu maelfu ya riwaya za BL baada ya malalamiko, kisha zikavirejesha vitabu hivyo baada ya wananchi wengine, wakiwemo watetezi wa haki za wanawake, kulalamikia uondoaji wenyewe. Lawama nyingine ilitoka upande tofauti kabisa. Mwaka 1992 mwanaharakati Masaki Sato, mwanamume anayependa wanaume, aliandika katika kijarida cha wanawake kwamba hadithi hizi zinawageuza watu kama yeye kuwa mapambo ya ndoto za wengine, na kwamba hazihusiani na maisha yao. Mjadala uliendelea kwa miaka kadhaa. Baadhi ya waandishi walijitetea kwamba wanaandika juu yao wenyewe, si juu ya wanaume halisi. Wengine walikubali hoja. Manga za leo zinazotaja ubaguzi kazini, wazazi, na uzee wa wapenzi wawili zinabeba alama ya mjadala huo.

Kyoto

Kituo cha mwisho kiko nje ya Tokyo, zaidi kidogo ya saa mbili kwa treni ya kasi. Jumba la Kimataifa la Manga la Kyoto, karibu na stesheni ya Karasuma Oike, lilifunguliwa Novemba 2006 kwa ushirikiano wa jiji na Chuo Kikuu cha Kyoto Seika. Limo katika jengo la iliyokuwa shule ya msingi ya Tatsuike, na sakafu za mbao za madarasa bado zinalia mtu anapotembea. Lina vipande vipatavyo 300,000. Kati ya hivyo vitabu 50,000 viko wazi katika rafu zenye urefu wa jumla wa mita 200, na mgeni aliyelipa kiingilio anaruhusiwa kuchukua chochote na kukaa nacho hata kwenye majani ya uwanja wa mbele.

Rafu hizo zina kazi za Kundi la Mwaka wa 24, na hapa mwanafunzi wa shule huzisoma bila kulipa zaidi ya kiingilio chake. Uhusiano wa mahali hapa na Oizumi ni wa moja kwa moja. Takemiya alijiunga na Kyoto Seika kufundisha manga, na kati ya mwaka 2014 na 2018 akawa rais wa chuo hicho. Aliongoza pia mradi wa kutengeneza nakala za usahihi wa juu za michoro ya asili ya wachoraji wa manga za wasichana. Wino na rangi za maji za miaka ya 1970 zinafifia, na michoro mingi ilikuwa ikitunzwa na wachoraji wenyewe majumbani. Nakala hizo huonyesha hata alama za penseli na rangi nyeupe ya kufutia, hivyo maonyesho hufanyika bila kuuanika mchoro wa asili kwenye mwanga.

Wakati huo huo utanzu umetoka katika vitongoji vyake. Tamthilia ya Ossan's Love ilirushwa na TV Asahi mwaka 2018, na Cherry Magic, iliyotokana na manga ya Yuu Toyota, na TV Tokyo mwaka 2020. Thailand imejenga tasnia yake ya tamthilia za aina hii, ikijulikana zaidi tangu SOTUS ya mwaka 2016. Manga ya Kaori Tsurutani iliyotoka kati ya 2017 na 2020, na kuwa filamu mwaka 2022, inahusu wasomaji wenyewe. Ajuza mjane ananunua kitabu cha BL kwa kupendezwa na jalada, akaja kuwa rafiki wa binti wa shule anayeuza katika duka alimokinunua. Hakuna mapenzi kati yao. Kuna vitabu, chai, na safari ya kwenda kuuza dojinshi.

Vitabu vya kielektroniki vimerahisisha usomaji, na mwenye kutaka hadithi tu hana haja ya kupanda ndege. Karatasi inabaki na kazi yake kwa sababu mengi ya miaka ya 1970 na 1980 hayajawahi kuingizwa katika mitandao ya mauzo, na dojinshi nyingi za zamani huenda zisiingizwe kamwe. Mgeni mwenye siku moja aende Ikebukuro na orodha iliyoandikwa kwa herufi za Kijapani. Mwenye siku mbili aongeze Nakano. Mwenye tatu asiikose Ochanomizu, kwa kuwa huko atasoma vitabu ambavyo hakuna duka linaloviuza tena.